Kukadiria Mmomonyoko wa Udongo katika Vidakio vya Osso na Lowa: Mwongozo kwa Mchoraji wa Ramani

Mvua inayoanguka juu ya vilima vya Masisi, katika jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, hugawanyika pande mbili. Maji yanayoteremkia upande wa Sake huingia Ziwa Kivu, hutoka humo kwa Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha hufuata Mto Lukuga mpaka yakaufikia Lualaba baada ya mzunguko mrefu. Yale yanayoteremkia magharibi huingia mito ya Osso na Lowa, hukatiza misitu ya teritware jirani ya Walikale, na kuufikia Lualaba huohuo kwa njia iliyo fupi zaidi. Udongo unaong'olewa na mvua hufuata mgawanyo huohuo, wala hautambui mpaka wa teritware, wa sheferi ya Bahunde au Bashali, wala wa sekta ya Osso-Banyungu, Katoyi, Bakano au Wanianga. Ndiyo maana makadirio ya mmomonyoko hayafanywi kwa mipaka ya utawala bali kwa kidakio, yaani eneo lote la nchi ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja na kupita katika mlango mmoja wa kutokea.

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya mwanafunzi wa kilimo, afisa wa mazingira au mfanyakazi wa shirika la maendeleo mwenye kompyuta ya kawaida, programu huria ya QGIS, na intaneti ya kutosha kupakua data mara chache tu, ambaye anataka kujua ni sehemu gani za kidakio zinazopoteza udongo kwa kasi zaidi. Katika nchi yenye amani swali hilo hujibiwa kwanza kwa miguu na baadaye kwa ramani. Katika Masisi na Walikale utaratibu huo mara nyingi hugeuzwa, kwa kuwa vita vimefunga barabara na vilima kwa miaka mingi; mwezi Machi 2025 hata mji wa Walikale ulishikwa na waasi wa M23 kabla hawajauacha mwezi uliofuata. Ramani inayotengenezwa kwa picha za setilaiti inapita mahali ambapo mtu hapiti, lakini inabeba kasoro ambazo mtu aliyesimama juu ya kilima angeziona mara moja, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kasoro hizo.

Mlinganyo na asili yake

Njia inayotumika zaidi ni Mlinganyo wa Jumla wa Upotevu wa Udongo, unaojulikana kwa kifupi chake USLE, ambao Walter Wischmeier na Dwight Smith waliuchapisha Marekani mwaka 1965 na kuurekebisha mwaka 1978, kabla ya toleo lililoboreshwa, RUSLE, kutolewa mwaka 1997. Umbo lake ni la kuzidisha vigezo vitano:

A = R × K × LS × C × P

A ni udongo unaopotea kwa hekta moja kwa mwaka, kwa tani. R ni ukali wa mvua. K ni wepesi wa udongo kumomonyoka. LS ni urefu na ukali wa mteremko vikiwa vimeunganishwa. C ni kifuniko cha ardhi, yaani mimea na mabaki yake. Na P ni hatua zilizochukuliwa na mkulima kuuzuia udongo, kama vile matuta au mistari ya nyasi. Kwa kuwa vigezo vyote vinazidishana, kosa la mara mbili katika kimojawapo huifanya hesabu nzima kukosea mara mbili, na makosa mawili ya namna hiyo yanayoelekea upande mmoja huifanya ikosee mara nne.

Msingi wa mlinganyo ni zaidi ya vipimo 10,000 vya mwaka mmojammoja vilivyochukuliwa katika vipande vidogo vya mashamba ya Marekani. Kipande cha rejea kina urefu wa mita 22.13 na mteremko wa asilimia 9, kiasi ambacho mkulima wa Masisi angekiita tambarare. Jambo hili lisimkatishe tamaa msomaji, kwa maana mlinganyo umetumika katika milima ya Rwanda, Ethiopia na kwingineko na kutoa ramani zenye manufaa. Lakini limkumbushe kwamba kinachoaminika katika matokeo yake ni mpangilio wa vilima, kipi kinatangulia na kipi kinafuata kwa hatari, kuliko idadi ya tani iliyoandikwa juu ya kila kimoja.

Kukichora kidakio

Kazi huanza na modeli ya kidijitali ya mwinuko, ambayo ni picha iliyogawanywa katika miraba midogo iitwayo pikseli, kila mraba ukiwa na namba ya kimo chake kutoka usawa wa bahari. Zipo mbili za bure zenye pikseli za mita 30 zinazofaa: ile ya SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour kwa siku 11 za Februari 2000, na ile ya Copernicus, iliyotokana na setilaiti za Kijerumani katika muongo uliofuata. Zote mbili zihamishiwe kwanza kwenye projeksheni ya UTM kanda ya 35 Kusini, ambayo inayahusu maeneo yote mawili, kwa sababu programu inayohesabu mteremko kwa data ambayo bado iko katika digrii itatoa milima isiyokuwepo duniani.

Baada ya hapo programu huambiwa ijaze mashimo ya bandia, ihesabu mwelekeo wa maji kutoka pikseli hadi pikseli, na ihesabu mkusanyiko wa mtiririko, yaani idadi ya pikseli zote zinazomwaga maji katika kila pikseli. Vifaa vya GRASS na SAGA vinavyoweza kutumika kupitia QGIS vinaifanya kazi hii kwa dakika chache. Kisha mchoraji huchagua mlango wa kidakio, kwa mfano mahali Osso unapoungana na Lowa, na kuhakikisha kwamba nukta aliyoiweka imekaa juu ya mstari wa mto wenyewe wala si pembeni yake. Nukta iliyokosea kwa pikseli mbili hutoa kidakio cha kijito badala ya kidakio cha mto.

Hapa nchi yenyewe inadai tahadhari tatu. Ya kwanza ni kwamba si kila shimo katika modeli ni la bandia: maziwa ya Mokoto katika Bashali ni mabonde ya kweli yanayopokea tope na kulituliza, na yakijazwa bila kufikiriwa ramani itadai kwamba udongo wa vilima vinavyoyazunguka unasafiri moja kwa moja hadi mtoni. Ya pili inahusu upande wa mashariki, karibu na Sake, ambako lava za volkano ya Nyamulagira zimefunika ardhi: juu ya lava changa mvua huzama katika nyufa badala ya kutiririka, hivyo vijito ambavyo programu itavichora pale havitaonekana kwa macho. Ya tatu ni ya Walikale. Rada zilizopima vimo vya dunia ziliona vilele vya miti na si ardhi iliyo chini yake, na msitu wa mita 30 au 40 unapokatwa kwa ajili ya shamba, ukingo wa shamba hilo huonekana katika modeli kama genge. Kwa hiyo mteremko mkali unaofuata ukingo wa msitu kwa unyoofu ushukiwe daima. Modeli ya FABDEM, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Bristol mwaka 2022, imepunguza urefu wa miti kwa hesabu na inafaa kulinganishwa na nyingine, ingawa leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara.

Mteremko, mvua na udongo

Kigezo LS hutokana na modeli hiyohiyo. Sehemu ya ukali wa mteremko kwa miteremko ya asilimia 9 na zaidi hukokotolewa katika RUSLE kwa kuzidisha 16.8 na sini ya pembe ya mteremko, kisha kuondoa 0.5; sehemu ya urefu hutokana na kugawa urefu wa mteremko kwa 22.13 na kuupandisha kwa kipeo ambacho katika USLE ni 0.5 kwa miteremko mikali. Kosa linalorudiwa mara nyingi na wanaoanza ni kuuachia mkusanyiko wa mtiririko, ambao hutumika kukadiria urefu huo, ukue bila kikomo, hata pikseli iliyo kando ya mto ikahesabiwa kuwa na mteremko wa kilomita kadhaa. Mlinganyo haujui habari za mito. Unajua kipande cha shamba ambacho maji hutiririka juu yake mpaka yakutane na mfereji au mahali pa kutuama, na katika vilima vilivyokatwakatwa na mashamba, njia za ng'ombe na vichochoro umbali huo mara chache hupita mita 100 au 150. Kikomo cha namna hiyo kiwekwe kabla ya hesabu, na miteremko inayozidi asilimia 50, ambayo Masisi haina uhaba nayo, iwekewe alama kwenye ramani kwamba ipo nje ya uwezo wa mlinganyo.

Kigezo R kinastahili kuhesabiwa kutokana na nguvu ya kila mvua, kwa vipimo vya kila nusu saa kwa miaka mingi, jambo ambalo vituo vya mvua vya Kivu Kaskazini haviwezi kulitimiza. Badala yake kuna njia mbili. Njia nyepesi ni kutumia jumla ya mvua ya mwaka kutoka CHIRPS, data inayochanganya picha za setilaiti na vituo vya ardhini kuanzia mwaka 1981 kwa pikseli za takriban kilomita 5.5, na kuiweka katika fomula iliyozoeleka katika nyanda za juu za Rwanda, ambayo huzidisha milimita za mvua kwa 3.48 na kuongeza 38.46. Njia ya pili ni kuchukua ramani ya ukali wa mvua ya dunia nzima iliyotolewa mwaka 2017 na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, yenye pikseli za kilomita moja. Inafaa kuzifanya zote mbili na kutazama zinatofautiana wapi, kwa kuwa tofauti hiyo ni kipimo cha kweli zaidi kuliko namba yoyote kati ya hizo mbili.

Kuhusu K, ramani za bure ni SoilGrids ya Uholanzi, yenye pikseli za mita 250, na iSDAsoil, iliyotolewa mwaka 2021 kwa bara la Afrika kwa pikseli za mita 30. Zote hutoa viwango vya mchanga, udongo laini, mfinyanzi na kaboni, ambavyo fomula hugeuza kuwa K. Msomaji asidanganywe na udogo wa pikseli: ni makisio ya kompyuta yaliyofundishwa kwa sampuli za mahali pengine, na sampuli zenyewe hazichimbwi kila mita 30. Zaidi ya hayo, udongo wa majivu ya volkano wa mashariki ya Masisi una tabia yake. Ni mwepesi, una mboji nyingi, hushikana katika chembechembe zinazonyonya maji haraka, na fomula zinazotegemea ukubwa wa chembe peke yake huuhukumu vibaya. Udongo mwekundu uliozeeka wa Walikale, ulio juu ya miamba ya kale, unahitaji kusomwa kwa namna nyingine.

Jambo moja la vipimo lisisahauliwe, maana limeharibu kazi nyingi. Majedwali ya zamani ya K yameandikwa kwa vipimo vya Kimarekani, na ni lazima yazidishwe kwa 0.1317 kabla ya kutumiwa pamoja na R ya kimetriki. Anayechukua K ya 0.3 kutoka kitabu cha Kimarekani na kuizidisha na R ya CHIRPS atapata mmomonyoko mkubwa kupita kiasi kwa mara saba na nusu hivi, na kwa kuwa Masisi ina sifa ya mmomonyoko, huenda hakuna atakayeshtuka.

Kifuniko cha ardhi, ambacho ndicho kinachoamua

Ili uzito wa kila kigezo uonekane, uchukuliwe mfano wa kubuni wa shamba lenye mvua ya milimita 1,700 kwa mwaka, mteremko wa asilimia 30 na urefu wa mita 60, likiwa na K ya 0.02 ya kimetriki na bila hatua yoyote ya kuhifadhi udongo. R itakuwa takriban 5,954 na LS takriban 7.1. Likifunikwa na msitu mnene wenye C ya 0.001, shamba hilo litapoteza chini ya tani moja kwa hekta kwa mwaka; likiwa malisho mazuri yenye C ya 0.02, litapoteza tani 17. Likilimwa na kuachwa wazi kwa sehemu ya mwaka hadi C ikafikia 0.3, litapoteza karibu tani 255. Mvua ni ileile, kilima ni kilekile, udongo ni uleule. Tani 255, ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani 1.2, ni tabaka la milimita 21 juu ya hekta nzima, yaani unene wa kidole kila mwaka; kwa kasi hiyo udongo wa juu wa shamba ungekwisha katika muda wa kumlea mtoto mpaka amalize shule ya msingi. Mchoraji akipata namba ya aina hii juu ya eneo kubwa ambalo bado linalimwa na kuvunwa kila msimu, ajue kwamba hesabu imezidi ukweli, na aanze kulitafuta kosa katika C.

Njia ya mkato ya kupata C ni kutumia kipimo cha ukijani kinachohesabiwa kutokana na mwanga mwekundu na mwanga usioonekana unaorudishwa na majani. Ipo fomula maarufu iliyotungwa kwa ajili ya Ulaya, na ipo nyingine iliyopendekezwa kwa nchi za joto, ambayo huchukua moja, huondoa kipimo cha ukijani, kisha hugawa kwa mbili. Katika nchi kavu, ambako ardhi iliyo wazi ni ya kahawia na msitu ni wa kijani, njia hii husaidia. Masisi ni ya kijani karibu mwaka mzima. Malisho yaliyokanyagwa na ng'ombe, shamba la mikaratusi lisilo na majani yaliyodondoka chini yake, shamba la maharage la wiki ya saba na msitu wa asili vyote vinaweza kuwa na ukijani wa 0.8, na fomula hiyo ya nchi za joto itavipa vyote C ya 0.1, ambayo ni mara mia moja ya C ya msitu. Kwa ramani ya namna hiyo msitu wa Walikale utaonekana unamomonyoka kwa kasi ya shamba.

Njia iliyo bora ni kugawa ardhi katika matabaka na kulipa kila tabaka C yake. Ramani ya WorldCover ya Shirika la Anga la Ulaya, ya mwaka 2020 na 2021 kwa pikseli za mita 10, ni mwanzo mzuri, lakini haitofautishi vizuri shamba na malisho katika vilima hivi, na mchoraji hana budi kuisahihisha kwa picha za setilaiti za Sentinel-2 na kwa maarifa ya watu wa mahali. Pale mawingu yanapokataa kuondoka, kama ilivyo kawaida ya Walikale, rada ya Sentinel-1 hupenya mawingu na huonyesha msitu uliokatwa. Thamani za C zinaweza kuchukuliwa kutoka katika vipimo vya Eric Roose, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Afrika Magharibi: msitu mnene 0.001, mihogo kati ya 0.2 na 0.8, mahindi na mtama hadi 0.9. Migomba yenye matandazo, kama inavyopandwa karibu na nyumba, hushuka sana chini ya hapo, na inafaa kupewa tabaka lake badala ya kumezwa na neno “shamba”. Mikaratusi nayo iwe na tabaka lake, kwa maana tone linalodondoka kutoka jani la mti mrefu hadi juu ya ardhi tupu huipiga ardhi kwa nguvu isiyopungua sana ile ya mvua yenyewe.

Kisha inakuja kalenda. Mvua hapa hunyesha karibu miezi yote, ikipungua kuanzia Juni hadi Agosti na kwa kiasi kidogo mwanzoni mwa mwaka, na misimu miwili ya kilimo, A unaoanza Septemba na B unaoanza Februari au Machi, huufungua udongo kwa jembe wakati uleule mvua kubwa zinaporudi. Wastani wa C wa mwaka mzima huificha sadfa hiyo. Ikiwa, kwa mfano, asilimia 40 ya ukali wa mvua ya mwaka huanguka katika miezi mitatu ambayo shamba lina C ya 0.7, na iliyobaki huanguka wakati C ni 0.15, basi C ya kweli ni 0.37, ilhali wastani unaohesabiwa kwa miezi peke yake ungetoa 0.29 hivi. Kwa hiyo C ihesabiwe kwa kila msimu na kupimwa kwa sehemu ya mvua ya msimu huo, kazi ambayo jedwali la kawaida la kompyuta linaimaliza kwa saa moja.

Hakuna kitabu cha Marekani kinachomtayarisha mchoraji kwa badiliko jingine la C, lile linaloletwa na vita. Watu wakikimbia kijiji, mashamba yao huota magugu na C hushuka. Wakati huohuo miti inayozunguka mahali walipokimbilia hukatwa kwa kuni, makaa na vibanda, na C ya hapo hupanda. Picha ya mwaka 2021 na picha ya mwaka 2025 za kilima kimoja zinaweza kuonyesha ukijani ulioongezeka, na asiyejua habari za mahali hapo ataandika katika ripoti kwamba hifadhi ya ardhi imefanikiwa.

Kigezo P hakihitaji maneno mengi. Matuta na mistari ya nyasi haionekani vizuri katika picha za mita 10, na kumbukumbu ya mitaro ambayo wakulima wa Kivu walilazimishwa kuichimba chini ya utawala wa Ubelgiji imewafanya wengi wasiipende kazi hiyo hadi leo. Pale ambapo hakuna taarifa, P iwe 1. Pale ambapo kuna mistari ya nyasi ya setaria au matuta yaliyohakikishwa kwa macho, itumike thamani ya jedwali, lakini kwa shamba hilo peke yake.

Mambo ambayo mlinganyo hauyaoni

USLE na RUSLE hukadiria udongo unaochukuliwa kama utando mwembamba juu ya shamba na ule unaochimbwa na vijifereji vidogo ambavyo jembe huweza kuvifuta. Haikadirii makorongo, maporomoko ya ardhi, kingo za mito zinazobomoka, wala barabara. Katika Masisi na Walikale vitu hivi haviwezi kuwekwa pembeni kama nyongeza. Tarehe 4 Mei 2023, ng'ambo ya mpaka wa kusini wa Masisi katika teritware ya Kalehe, mvua kubwa ilisababisha mafuriko na maporomoko yaliyofunika Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Ramani ya RUSLE ya vilima hivyo, hata ingetengenezwa kwa uangalifu wote, isingesema lolote kuhusu wingi wa mawe na tope ulioshuka siku hiyo.

Migodi nayo ina hesabu yake. Kule Rubaya katika Masisi koltani huchimbwa kwa mikono juu ya milima, na madini hutenganishwa na udongo kwa maji, hivyo kilima hushushwa mtoni kwa makusudi na bila kusubiri mvua. Kule Bisie katika Walikale kasiteriti ilichimbwa kwa mikono kwa miaka mingi kabla ya mgodi wa kiwanda kuanza kuzalisha bati mwaka 2019. Pikseli ya mgodi wa wazi ikipewa C ya 1 itatoa namba kubwa, lakini namba hiyo haina uhusiano na udongo unaooshwa kwa mabomba. Lililo sahihi ni kuichora mipaka ya migodi, makorongo na makovu ya maporomoko kwa mkono juu ya picha za setilaiti, kuiweka katika tabaka la pekee, na kuionyesha kwa rangi ambayo haimo katika kipimo cha tani.

Vilevile udongo uliotoka shambani si lazima uwe umefika mtoni. Sehemu kubwa hutua chini ya kilima, katika uzio wa miti, au katika mabonde ya matete. Sehemu inayofika huitwa uwiano wa ufikishaji wa mashapo, na fomula moja ya zamani huikadiria kwa ukubwa wa kidakio peke yake: 0.4724 ikizidishwa na eneo, kwa kilomita za mraba, lililopandishwa kwa kipeo cha hasi 0.125. Kwa kidakio cha kilomita za mraba 100 fomula hiyo hutoa asilimia 27 hivi, na kwa 1,000 hutoa 20. Ni fomula isiyotofautisha bonde lenye kinamasi na bonde la mawe, na ifaavyo ni kuitumia kwa makisio ya awali tu. Programu huria ya InVEST, inayofuata njia ya maji kutoka kila pikseli hadi mtoni, hufanya kazi hiyo vizuri zaidi bila kudai data nyingi mpya.

Kuihakiki ramani na kuitoa kwa watu

Mara barabara inapofunguka, hata kwa wiki moja, uhakiki uanze na vilima vichache vilivyochaguliwa kwa kusudi: kimoja ambacho ramani inakiita hatari na wenyeji wanakikana, kimoja ambacho wenyeji wanakilalamikia na ramani inakiona salama, na viwili au vitatu ambavyo pande zote mbili zinakubaliana. Dalili zinazosomeka bila chombo ni mizizi iliyobaki juu ya ardhi, mawe madogo yaliyosimama juu ya viguzo vya udongo, tofauti ya kimo kati ya pande mbili za ua, na unene wa tope lililokusanyika nyuma ya mstari wa nyasi. Vijiti vya chuma vilivyopigwa ardhini na kuwekewa alama, vikisomwa mwanzoni na mwishoni mwa msimu, hugharimu kidogo, ingawa katika mahali ambapo chuma kina bei vitahitaji kukabidhiwa mwenye shamba. Rangi ya maji kwenye makutano ya vijito saa chache baada ya mvua ni kipimo kingine: kijito kimoja kikileta maji mekundu na kingine maji safi, ramani ya vidakio vyao viwili haina budi kuieleza tofauti hiyo au kusahihishwa. Wazee wanaojua kilima kilikuwaje kabla hakijafyekwa waulizwe kuhusu chemchemi zilizokauka na mahali walipolima zamani, kwa maana majibu yao hufika nyuma ya mwaka ambao picha nzuri za setilaiti zilianza kupatikana.

Ramani ya mwisho isichapishwe ikiwa na tani kwa desimali mbili. Madaraja matano, kuanzia la chini kabisa hadi la juu kabisa, yanatosha, na kila daraja lielezwe kwa mfano wa ardhi ambayo msomaji wa mahali hapo anaifahamu. Pembeni pawepo tabaka la migodi na maporomoko, alama ya miteremko iliyo nje ya uwezo wa mlinganyo, na alama nyingine ya maeneo yaliyochorwa bila kukanyagwa na mtu yeyote wa kikundi. Tarehe ya picha zilizotumika kwa C iandikwe kwa herufi kubwa zinazosomeka, pamoja na msimu wa kilimo wa siku hizo na habari kama wakazi wa eneo hilo walikuwa nyumbani kwao au walikuwa wamekimbia.